Usitukane Wakunga

Methali ya "Usitukane wakunga na uzazi ungalipo" siku hizi hutumiwa bungeni, sokoni na kwenye ugomvi wa majirani, hata tumesahau kuisikiliza kama ilivyotamkwa. Tuisikilize upya. Mtu hakanywi jambo asilolifanya. Hakuna aliyehitaji methali ya kumkataza kumtukana liwali au kadhi, kwa kuwa hofu ilitosha. Wakunga walihitaji kukingwa kwa methali kwa sababu walikuwa watu wa kutukanika: wajane, wazee maskini, wajakazi, wazalia, wageni wasio na ukoo mjini. Na papo hapo methali inakiri kwamba hao hao ndio watakaogongewa mlango usiku wa manane, uchungu utakapomshika binti wa nyumba kubwa. Maneno matano yamebeba unyonge wa mhudumu na uzito wa kazi yake kwa pamoja. Naona historia ya uzazi katika pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Kilwa, imo ndani ya mvutano huo, na hoja yangu ni kwamba mvutano wenyewe haukujizukia tu. Waswahili wa karne ya 19, kwa sehemu kubwa, walimweka mjamzito mikononi mwa watu ambao hawakuwa damu yake, na mara nyingi hawakuwa wa daraja lake, kwa sababu walizozijua.

Kwanza tutenganishe kazi mbili ambazo leo huchanganywa. Mkunga alikuwa fundi wa mwili. Alimpokea mtoto, akakata kitovu, akalitoa zalio likazikwe, akamkanda mzazi kwa maji ya moto na kumfunga tumbo kwa mkaja. Kungwi, ambaye Mombasa humwita somo, kazi yake ilianza miaka kabla ya mimba yoyote. Alikabidhiwa msichana alipovunja ungo, akamfunza usafi, mwenendo na mambo ya mume na mke, akamsindikiza hadi chumbani usiku wa harusi, na mimba ilipoingia akawa ndiye mtu wa kuambiwa yale yasiyosemeka kwa wengine. Huenda mwanamke mmoja akazishika kazi zote mbili, lakini lugha ilizipa majina mawili, na ninaomba msomaji aishike tofauti hiyo, maana huko mbele itaamua mengi.

Ushahidi wa maandishi upo, na sehemu yake nzuri ni ya Kiswahili. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Habari alizoziandika yeye na wenzake ndizo alizozikusanya Mjerumani Carl Velten katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotoka mwaka 1903. Humo uzazi, malezi, unyago na harusi vinasimuliwa na watu waliokulia ndani yake, si na wapita njia. Jambo litakalomgusa msomaji wa leo ni wingi wa ada. Mahari haikuwa fungu moja la fedha. Kulikuwa na kilemba cha baba na mkaja wa mama, na jina la ada hii ya pili linajieleza: mkaja ni ile nguo anayofungwa mwanamke tumboni baada ya kuzaa, kwa hiyo mkwe alikuwa akimlipa mama kwa siku ile ya kumzaa bi harusi. Kulikuwa na ubeleko, nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Kisha zikaja kiosha miguu na kifungua mlango, ada zilizowaangukia wanawake waliomhudumia bi harusi, kungwi akiwa mbele yao. Ada hizi za mwisho nazichukulia kuwa ushahidi mzito. Watu wanaomlipa mhudumu mbele ya kadamnasi, kwa malipo yenye jina lake, hawamwoni kuwa mtumishi wa kupita. Wamempa cheo, hata kama nasaba imemnyima.

Lakini kwa nini asiwe mama mwenyewe? Hapa ndipo pingamizi la kwanza linapojitokeza, nalo lina nguvu. Binti wa pwani hurudi kwao kuzaa mimba ya kwanza, na desturi hiyo haijafa. Nyumba ni ya mama, uji wa pilipili manga unapikwa na mama, na siku arubaini za uzazi zinahesabiwa chini ya dari la mama. Mtu anaweza kusema kwamba mlezi wa kweli ndiye huyo na wengine ni wasaidizi tu. Sikatai kwamba mama alikuwapo. Nasema kwamba kuwapo kwake kulikuwa na mpaka. Margaret Strobel, aliyezungumza na wanawake wa Mombasa katika miaka ya 1970 na kuchapisha utafiti wake mwaka 1979, alikuta kwamba katika nyumba za waungwana mambo ya mwili yalikuwa mwiko baina ya mzazi na binti yake. Haya iliwafunga wote wawili. Somo ndiye aliyeweza kuyasema, kuyaimba na kuyaonyesha, na somo wa binti muungwana mara nyingi alikuwa mtumwa au mzawa wa watumwa. Daraja lake la chini lilimwacha huru na ile heshima iliyomziba mama mdomo. Kuna jambo jingine ambalo sihitaji kitabu kulisema. Mama anayemtazama mwanawe akiwa na uchungu naye ana uchungu wake. Ndiyo maana tunasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Chumba kile kilihitaji mtu ambaye mikono yake haitetemeki, na mikono ya mtu wa nje hutulia mapema zaidi.

Sababu ya pili iko wazi zaidi tukitoka Mombasa tukaingia katika majumba ya Unguja. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, alizaliwa Beit il Mtoni mwaka 1844 na kuchapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkasi aliyetekwa utotoni na kuletwa Unguja, akawa suria wa Sayyid. Watoto aliowaacha Sayyid Said alipofariki mwaka 1856 walizaliwa na masuria kama yeye, wengi wao Wacherkasi na Wahabeshi. Tafakari maana yake. Hawa walikuwa mama za watawala wa Unguja na Omani, na hakuna kati yao aliyekuwa na mama, shangazi au dada wa kumkalia kitako siku ya uchungu. Nyumba iliyokuwa kubwa kuliko zote pwani ilikuwa, kwa upande wa uzazi, nyumba ya mayatima. Aliyemshika mkono mzazi alikuwa suria mwenzake wa kabila jingine, mjakazi, au mkunga wa kuitwa. Salme anaeleza kwamba wakunga waliotoka Bara Hindi ndio waliopendelewa, naye mwenyewe hakuuona ubora wao juu ya wengine. Na mtoto alipotimiza siku arubaini, aliyemnyoa nywele za kwanza alikuwa mkuu wa matowashi wa jumba. Mwanamume aliyenyimwa kwa kisu uwezo wa kuwa na mtoto ndiye aliyepewa wembe wa kumtoa mwana wa mfalme uzazini. Picha hiyo inanikaa moyoni kuliko habari zote za dhahabu na marashi katika kitabu kile.

Salme mwenyewe anatupa kipimo cha kinyume. Mwaka 1866 alipata mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, na mwezi wa Agosti akatoroshwa Unguja kwa manowari ya Kiingereza iliyoitwa Highflyer, kwa msaada wa mke wa daktari aliyekuwa akikaimu ubalozi wa Uingereza. Alishuka Aden akapokewa na mume na mke Wahispania aliofahamiana nao Unguja, na katika nyumba yao akangojea hadi Desemba, mwanawe wa kiume akazaliwa. Mtoto huyo alifariki akiwa mchanga. Hao Wahispania walikuwa watu wema, na hakuna sababu ya kupunguza wema wao. Hata hivyo hawakuwa na cheo chochote juu ya Salme. Hakuna ada waliyodai, hakuna wimbo waliopaswa kumwimbia, hakuna haki wala deni lililobaki baina yao na mtoto. Kungwi alikuwa na vyote hivyo. Mgeni mwema humsaidia mtu kwa hisani, na hisani inaweza kuisha kesho asubuhi. Pwani ilichukua msaada wa mgeni ikaufunga kwa kamba ya wajibu, kama sheria ya Kiislamu ilivyomfanya mnyonyeshaji kuwa mama, na watoto walionyonya ziwa moja kuwa ndugu wasioweza kuoana.

Nani basi alikuwa fundi wa kamba hiyo? Nadhani hapa tumezoea kutazama kwa juu, kana kwamba waungwana ndio waliobuni kila desturi na watumwa wakatekeleza. Mambo ya unyago yanaelekeza upande mwingine. Ngoma na mafunzo ya makungwi wa Mombasa na Unguja yana mizizi kwa Wayao, Wamakonde, Wangindo na watu wa Ziwa Nyasa, yaani watu wale wale waliotembezwa kwa miguu hadi Kilwa na kupakiwa majahazini. Wasichana hao walifika pwani bila mama, bila bibi, bila mtu hata mmoja wa kuwaambia mimba ni nini na uchungu huanza vipi. Walipoundiana unyago mjini, wakikusanya vipande vya makabila mengi katika ngoma moja, walikuwa wakiundiana mama. Sina barua ya mwanamke mtumwa inayosema hivyo, kwa sababu hawakupewa wino. Naikisia kutokana na asili ya ngoma zenyewe na kutokana na namna zilivyopangwa, kwa vyeo, ngazi na udugu baina ya wari waliochezwa pamoja. Lakini dhana hii inaeleza jambo ambalo dhana nyingine hailielezi: kwa nini wanawake waungwana walipanda ngazi za makungwi wakitaka kuingia, na wakakubali kukaa chini ya kiongozi aliyekuwa mjakazi au mjukuu wa mjakazi. Elimu ilitoka jikoni ikapanda ghorofani. Katika kitabu cha maisha ya wanawake watatu wa Mombasa alichokitoa Strobel pamoja na Sarah Mirza mwaka 1989, mmoja wa wasimulizi alikuwa kungwi wa nasaba hiyo ya utumwa, na anazungumza kama mtu anayejua thamani ya alichonacho.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na anayelikwepa hastahili kusikilizwa. Je, huku si kuupamba utumwa? Mjakazi aliyekesha na bibi yake hakuombwa ridhaa. Alikaa kwa sababu alikuwa mali, na kumwita "mlezi" kunaweza kuwa njia ya kuosha damu kwa marashi. Nakubali nusu ya maneno haya bila sharti. Tena nitaongeza: mikono ile ile iliyomkanda muungwana siku arubaini, ilipofika zamu yake ya kuzaa, haikuwa na arubaini ya uhakika. Suria ndiye aliyekuwa na nafuu kidogo, maana mtoto wake kwa bwana alizaliwa huru na yeye mwenyewe aliachwa huru bwana alipokufa. Mjakazi wa shamba alizaa mtumwa. Hakuna ada wala ngoma inayofuta hilo. Ila nusu ya pili ya pingamizi, kwamba uhusiano wote ulikuwa shuruti tupu, inapingwa na tarehe. Amri ya kuondoa hali ya utumwa ilitolewa Unguja na Pemba mwaka 1897, ikawaacha nje masuria hadi 1909. Pwani ya Kenya ilifuata mwaka 1907, na Tanganyika 1922. Kama usomo ungekuwa utumwa kwa jina jingine, ungekufa pamoja nao, au ungefifia katika kizazi kimoja. Haukufa. Strobel aliukuta zaidi ya miaka 60 baadaye, na Unguja ngoma ya unyago iliendelea kumfuata mwari hadi karne hii, wakati Fatma binti Baraka, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Bi Kidude, alipokuwa bado akiipiga. Alifariki Aprili 2013. Watu walioachiliwa huru waliacha mashamba, wakaacha majina ya mabwana, wakaacha kutembea vichwa wazi, lakini hawakuacha kuwa makungwi. Waliishika kazi hiyo kwa sababu ilikuwa yao.

Pingamizi la tatu linatoka hospitalini, na takwimu ziko upande wake. Mkunga wa jadi hakuweza kuzuia damu inayomwagika, hakuweza kumfanyia upasuaji mama ambaye njia yake haipitiki, hakujua vijidudu, na wembe uliokata kitovu uliwaua watoto wengi kwa pepopunda. Mkutano wa uzazi salama uliofanyika Nairobi Februari 1987 uliufanya ulimwengu uangalie vifo vya wazazi, na tangu miaka ya 1990 sera ya kuwapa wakunga wa jadi mafunzo mafupi imewekwa kando, ikachukuliwa ile ya kila mama kuzalishwa na mtaalamu. Kenya ilifuta malipo ya kujifungua katika vituo vya umma mwezi Juni 2013. Tanzania, utafiti wa kitaifa wa 2015–16 ulikuta asilimia 63 ya watoto wamezaliwa katika vituo vya afya, na ule wa 2022 ukakuta asilimia 81. Kwa makadirio ya tafiti hizo hizo vifo vya akina mama vilishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Mwenye kutaka turudi kwenye mkeka na wembe baada ya kuzisoma hesabu hizi hawatakii mema wanawake. Mkunga wa jadi alishindwa kwa haki, na aliyemrithi ana ujuzi ambao mkunga huyo hakuwa nao.

Ila ile tofauti niliyoomba ishikwe mwanzoni inadai haki yake sasa. Hospitali ilimrithi mkunga. Somo haikumrithi, ilimfungia lango tu, kwa sababu ilimwona kuwa ni mkunga mwingine, au mtazamaji, au chanzo cha uchafu na kelele. Kazi yake haikupimwa ikaonekana haina faida. Iliondolewa bila kupimwa, na kwa wodi ambazo vitanda havitoshi na muuguzi mmoja anahudumia wazazi wengi, pengo lake ni kubwa. Ajabu ni kwamba walioipima walikuwa mbali sana na Mombasa. Mwaka 1980 Roberto Sosa, John Kennell, Marshall Klaus na wenzao walichapisha majaribio waliyoyafanya katika hospitali moja nchini Guatemala. Walimweka kando ya mama mwanamke asiyemjua, asiye na mafunzo ya udaktari, kazi yake ikiwa kumshika mkono, kumsugua mgongo na kuzungumza naye. Kwa akina mama 40 waliolinganishwa mwishoni, waliokaliwa kitako walijifungua baada ya saa 8.8 kwa wastani tangu kupokewa hospitalini, na walioachwa peke yao baada ya saa 19.3. Arubaini ni wachache, na mwenye shaka alikuwa na haki ya kusubiri. Alipata jibu. Mapitio ya taasisi ya Cochrane ya mwaka 2013 yalikusanya majaribio 22 yenye wanawake 15,288, yakakuta kwamba mama mwenye mtu wa kukaa naye muda wote ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuzaa kwa njia ya kawaida, na uchungu wake ni mfupi zaidi. Kisha yakadokeza jambo ambalo makungwi wangelipokea kwa kigelegele: msaada ulifaa zaidi ulipotolewa na mtu ambaye si mfanyakazi wa hospitali wala si jamaa au rafiki wa mama. Mtu wa nje. Haya si uthibitisho kwamba waungwana wa Mombasa walijua takwimu. Ni uthibitisho kwamba walichokiona kwa macho, nyumba baada ya nyumba, hakikuwa ushirikina.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mama awe na mwenzi wa kumchagua mwenyewe wakati wa uchungu na wa kuzaa, na kidogo kidogo vituo vinaandika kanuni za kulitekeleza hilo. Kwa hiyo neno langu la mwisho ni kwa wanaoziandika kanuni hizo, wizarani, wilayani na katika kila wodi ya wazazi. Msiandike "mume" peke yake, wala "ndugu wa karibu" peke yake. Wako wanawake waliohamia mjini wasio na ndugu, wakimbizi, wasichana waliofukuzwa kwao kwa sababu ya hiyo mimba yenyewe. Kama vitanda vimesongamana, tundikeni mapazia. Kama mnahofia uchafu, mpeni anayeingia sabuni na vazi safi. Lakini mwacheni mzazi aingie na mtu aliyemchagua, hata akiwa ni mama lishe wa jirani, hata akiwa ni bibi kizee asiye na jina katika ukoo wowote, na muwekeeni kiti kando ya kitanda.